Behewa la modeli: bei yake inaendana na thamani?

Geuza behewa juu chini kabla ya kuvutiwa na rangi. Huko chini ndiko pesa zinakoonekana, au zisikoonekana.

Anza na magurudumu. Ya chuma hubingirika vizuri. Ya plastiki huacha uchafu kwenye reli, na treni ndefu huwa nzito kuvuta. Zungusha kila ekseli kwa kidole: ikikwama au ikiyumba, tatizo liko kwenye ekseli yenyewe au kwenye bogi, yaani kifremu cha chini kinachobeba magurudumu. Pima pia umbali kati ya magurudumu kwa geji (kipimo maalumu cha modeli), maana yakibanana au kuachana mno, behewa litaacha njia kwenye swichi, pale reli zinapogawanyika, hata kama reli yenyewe haina kasoro.

Kisha uzito. Kwa skeli ya HO (1:87, yaani modeli ni ndogo mara 87 kuliko behewa halisi), pendekezo la NMRA, chama cha reli za modeli cha Marekani, ni aunsi 1 pamoja na nusu aunsi kwa kila inchi ya urefu. Behewa la inchi 6 lifikie aunsi 4, yaani gramu 113 hivi. Jepesi huanguka kwenye kona likivutwa katikati ya treni.

Viungio vya plastiki, vile vinavyoshikanisha mabehewa, hulegea chini ya mzigo, basi navyo vihesabu.

Sasa piga hesabu: behewa rahisi, ongeza ekseli 4, viungio 2 na vipande vya uzito. Mara nyingi jumla hukaribia bei ya lile lililokuja kamili. Ngazi na vishikio vya waya vinapendeza, ila kwa behewa la katikati ya msafara mimi nisingevilipia.