Noah yangu ilipochemsha kwenye mlima wa Sipi

Mshale wa joto ulianza kupanda mara tu tulipoiacha barabara ya Moroto na kuanza kuukwea mlima. Njia hiyo naipita kila Jumanne. Natoka Tororo alfajiri, gari tupu, narudi jioni na magunia ya viazi na kabichi kutoka Kapchorwa. Mshale wa gari langu, Toyota Noah, hukaa chini kidogo ya nusu na hautikisiki hata nikiwa na mzigo. Siku ile nilikuwa na mama yangu na mtoto wa kaka yangu tu, hakuna hata gunia moja, lakini ulifika nusu, ukaipita, na kabla hatujaona maporomoko ya Sipi ulikuwa umeisogelea alama nyekundu.

Nikawasha hita mpaka mwisho na kufungua madirisha yote. Hita huchukua maji yaleyale ya injini, kwa hiyo ni kama rejeta (kifaa kinachopoza maji hayo) ndogo ya ziada. Mama akajifuta jasho kwa ncha ya leso bila kuuliza kitu. Mshale ukashuka kidogo, kisha ukapanda tena. Nikaegesha, nikazima.

Noah hizi za zamani injini yake iko chini ya viti vya mbele. Ili uione, unainua kiti. Tulipokiinua kile cha abiria moto ulitupiga usoni kama wa tanuri la mkate, na kijana tayari alikuwa ameshika kitambaa akitafuta kizibo cha rejeta. Nikamkemea kwa sauti ambayo sikuwahi kuitumia kwake. Nimewahi kumwona utingo wa lori pale Malaba akiungua kifua na shingo kwa kosa hilohilo. Huku kwetu, karibu mita 1,200 juu ya bahari, maji kwenye sufuria huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Chini ya kizibo kizima, kinachobana kwa presha ya karibu bar 0.9, yanaweza kupita nyuzi 110 yakiwa bado maji. Ukifungua kizibo unaiondoa presha, na maji hayo yanachemka yote kwa pamoja mkononi mwako.

"Shangazi, sasa?" aliniuliza baada ya nusu saa.

"Bado."

Tulikaa saa moja na nusu kando ya barabara. Rejeta ilipopoa tuliijaza lita mbili na nusu za maji, tukageuza gari, tukashuka polepole hadi Mbale.

Mwezi mmoja kabla ya hapo gari lilikuwa limechemsha kidogo kwenye foleni, na fundi mmoja alinipa dawa ambayo kila dereva wa Uganda ameshaisikia: ng'oa themostati, ile valvu inayofungua na kufunga njia ya maji kufuata joto, maji yapite bila kizuizi. Nilikubali. Nilimwamini kwa sababu maneno yake yalikuwa na mantiki: ukiondoa mlango, maji yatakimbia. Sasa najua si kweli, na jambo hili linaniuma kwa sababu magari mengi mazuri yanauawa hivyo.

Kwenye injini kama hii yangu, ya petroli ya lita mbili, themostati ina kazi mbili. Injini ikiwa baridi, inaifunga njia ya rejeta na kuacha wazi njia fupi ya pembeni, ili maji yazunguke ndani ya injini tu mpaka ipate moto. Injini ikipata moto, themostati inafungua njia ya rejeta, na sahani yake ndogo ya nyuma inaiziba ile njia fupi. Ukiing'oa, njia fupi hubaki wazi siku zote. Sehemu ya maji ya moto inarudi moja kwa moja kwenye injini bila kuiona rejeta. Kwenye tambarare ya Tororo hutajua, kwa kuwa injini haifanyi kazi kubwa. Utajulia mlimani. Na asubuhi injini inachelewa kupata moto, inakunywa mafuta, na oili yake haifikii joto inalolitaka. Watengenezaji wenyewe wanaonya kwenye vitabu vya ufundi kwamba gari likichemsha usiondoe themostati, maana upoaji unapungua. Natamani onyo hilo lingebandikwa kwenye ukuta wa kila gereji kuanzia Busia hadi Arua.

Mbale tulifika gari likiwa na ugonjwa wa pili. Lilikuwa linamisi. Likisimama bila kukanyagwa linatetemeka, ukilikanyaga linasita. Kwenye gereji ya kwanza fundi alisikiliza nusu dakika akasema gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake, imeungua, na injini ifunguliwe siku ileile. Akataja shilingi 900,000. Mama alinitazama. Magunia mangapi ya viazi hayo?

Sikukubali kufungua hedi kwa kusikiliza tu. Gasketi ya hedi ikiungua huwa inaacha alama, na kuzitafuta alama hizo si gharama. Nililala kwa ndugu zetu pale Mbale, na asubuhi kabla sijawasha nikaubana mpira wa juu wa rejeta kwa vidole. Ulikuwa laini. Gesi ya silinda ingekuwa inaingia kwenye maji, mara nyingi mpira ungekutwa umekaza ingawa injini imelala usiku kucha. Nikafungua kizibo, nikajaza maji hadi mdomoni, nikamwambia kijana awashe. Nilisubiri mapovu yanayokuja mfululizo. Yalitoka machache mwanzoni, hewa iliyobaki, kisha maji yakatulia. Oili kwenye kijiti ilikuwa nyeusi, si rangi ya chai ya maziwa. Ekzosi haikutoa moshi mweupe. Ndipo nikamlipa fundi mwingine 30,000 apime kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda, na zote nne zikaonyesha kati ya psi 155 na 162. Kwa injini iliyokwisha kutembea zaidi ya kilomita 300,000 nilishukuru Mungu kwa sauti.

Kumisi kulikuwa na sababu yake. Kwenye injini hii plagi, zile zinazotoa cheche ya kuwasha mafuta, ziko ndani ya visima virefu, na kila kisima kina mpira wa duara kwenye kifuniko cha valvu unaozuia oili isiingie. Mipira hiyo ilikuwa imekauka kwa joto la miaka mingi, na hizi wiki za kuchemsha ziliimaliza. Kisima cha pili na cha tatu vilikuwa na oili karibu nusu, waya wa plagi umelowa, cheche inapotea njiani. Mipira minne mipya, gasketi ya kifuniko na waya seti moja, na injini ikatulia kama cherehani.

Lakini joto lilikuwa bado halijapata jibu. Hapo ndipo nilipoelekezwa kwa mzee mmoja anayetengeneza rejeta tu, chini ya mwembe, hana hata kibao. Hakuuliza kitu. Aliacha injini ipate moto, akaizima, akapitisha kiganja taratibu kwenye uso wa rejeta kama daktari anayepapasa tumbo.

"Weka mkono hapa, mama," akaniambia.

Juu palikuwa pa moto. Kwenye theluthi ya chini, upande wa kushoto, palikuwa vuguvugu, na pengine baridi kabisa. Mifereji imeziba. Maji hayapiti hapo, kwa hiyo sehemu hiyo ya rejeta ni uzito tu ambao gari linaubeba. Alipofungua tanki la juu na kupitisha vyuma vyembamba, kulitoka tope la kutu na unga mgumu mweupe. Akaniuliza natia maji gani. Nikasema ya kisima cha pampu pale mtaani, miaka yote.

Akatikisa kichwa. Maji ya kisima yana chumvi za ardhini, yakipata moto chumvi hubaki zimeganda kwenye mifereji, kama ukoko ndani ya birika. Na bila kulanti, ile dawa ya kupoza inayochanganywa na maji ya rejeta, chuma cha injini kinapata kutu. Akakigeuza kizibo changu na kunionyesha mpira wake uliopasuka. Kizibo kile kilikuwa hakishiki presha tena, ndiyo maana maji yalikuwa yakipungua bila mimi kuona tone chini ya gari. Yalikuwa yanachemka mapema na kutoka kama mvuke.

Kwa hiyo yalikuwa matatu kwa pamoja: rejeta iliyoziba, kizibo kilichokufa na themostati iliyong'olewa. Hata lile la foleni, ambalo fundi alilitibu kwa kung'oa themostati, naamini lilikuwa rejeta hii ikilalamika.

Themostati mpya niliijaribu kabla haijafungwa, na nakuomba nawe ujaribu yako, kwa sababu spea bandia ni nyingi. Ina namba 82 iliyogongwa kwenye chuma, yaani inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82. Niliifunga kwa uzi nikaining'iniza kwenye sufuria ya maji juu ya sigiri, isiguse chini. Kabla maji hayajachemka ilikuwa imefunguka kiasi cha kupitisha kidole changu kidogo. Mzee akaifunga mwenyewe, kile kitundu chake chenye kipini kidogo kikiwa juu kabisa ili hewa ipate pa kupitia. Tukajaza kulanti nusu na maji safi yaliyochujwa nusu, hita ikiwa wazi, pua ya gari ikielekea mlimani, na tukaendelea kuongeza mpaka mapovu yalipokwisha. Injini ikiwa mbali na rejeta namna hii, mabomba ni marefu na hewa inapenda kujificha humo.

Kuna anayeniambia niiuze. Tangu 2018 sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi, kwa hiyo Noah kama hii hazishuki tena kutoka Mombasa. Zilizopo ndizo hizi. Yangu ni ya 1999, imesomesha watoto wawili, na silinda zake bado nzima.

Jumanne iliyopita nilipanda tena Sipi, mama kando yangu, na jioni nikashuka na magunia kumi na mawili. Mshale ulibaki chini ya nusu kwenda na kurudi. Nyumbani niliinua kiti nikamulika kwa tochi. Chini ya pampu ya maji kuna alama ya unyevunyevu, michirizi ya waridi ya kulanti iliyokauka. Pampu hii inazungushwa na mkanda wa taimingi, ule unaopanga mwendo wa valvu na pistoni, na mkanda wenyewe umeshatembea kilomita 90,000. Nimeshamwambia fundi aweke nafasi tarehe mbili, vitoke vyote viwili siku moja.