Mstari wa Penseli

Tangu kaka yangu wa kazi afariki, watu huniuliza alikuwa mtu wa namna gani. Huwa nawasimulia habari ya ufa.

Tulifanya udalali wa nyumba pamoja kwa miaka 19, meza zetu zikitazamana. Wenzetu wengi siku hizi hupenda kuitwa mawakala wa mali isiyohamishika, maana neno dalali limechafuliwa na waliouza kiwanja kimoja kwa watu watatu. Yeye alijitaja dalali mbele ya yeyote, na alilitaja kwa heshima, kama fundi au mwalimu anavyoitaja kazi yake.

Nyumba ninayoikumbuka ilikuwa na vyumba vitatu, na mwenyewe alikuwa na haraka ya kuuza. Tulipekua hati kwenye masjala ya ardhi. Ilikuwa safi, haina rehani wala zuio, na jina lililoandikwa ndilo la mtu aliyetukabidhi funguo. Kwangu mimi kazi ilikuwa imekwisha, imebaki kutafuta mnunuzi. Kaka akasema tungoje mvua inyeshe ndipo twende tukaitazame.

Tulifika tumelowa. Alipita akigonga kuta, akafungua mabomba yote kwa pamoja, akainama kunusa ndani ya makabati. Chumba cha nyuma akasimama. Kutoka pembe ya juu ya dirisha kulikuwa na ufa uliopanda mshazari kuelekea darini.

“Mdogo wangu, hebu nenda nje uniambie kama unauona na upande huo.”

Nikatoka, nikauona. Niliporudi ndani akanionyesha tofauti ambayo sijaisahau. Vile vyufa vyembamba kama nywele, vilivyotapakaa ukutani mithili ya utando wa buibui, mara nyingi ni lipu tu iliyokauka upesi. Lakini ufa wa mshazari unaoanzia pembe ya dirisha au mlango, uliotanuka upande mmoja kuliko mwingine na kupenya ukuta mzima, huo ni wa kuogopwa: huenda msingi umetitia upande mmoja, na ukuta umekatikia pale palipo dhaifu. Hata hivyo hakuhukumu siku hiyo. Alitoa penseli, akachora kistari pale ufa ulipoishia, akaandika tarehe. Kisha akapima kwa rula kutoka pembe ya dirisha hadi kwenye kistari, akaandika milimita zake katika daftari.

“Ufa uliokufa fundi huuziba ukaisha,” alisema. “Tuone kama huu uko hai.”

Baada ya wiki 5 ulikuwa umeuvuka mstari.

Alimpigia mwenye nyumba, akamweleza. Siku chache baadaye akampigia tena: ama fundi achimbe auangalie msingi, ama bei ishuke na mnunuzi aambiwe sababu. Mwenye nyumba akaitikia. Tuliporudi tulikuta chumba kimepigwa lipu na kupakwa rangi mpya, harufu yake bado kali.

Siku hiyo tulikuwa na wanunuzi, mke na mume waliodunduliza kwa miaka mingi. Waliipenda nyumba tangu mlangoni. Yule dada alipoingia chumba cha nyuma alifurahi, akaanza kumwonyesha mumewe mahali pa kuweka kitanda cha mama mkwe, karibu na dirisha apate hewa.

“Mwanangu,” kaka akamwambia, “kabla hujapanga kitanda, sogea hapa.”

Akafungua daftari, akaweka rula kwenye rangi mpya, akapitisha kidole taratibu. Kilipofika alipotaka, akamshika yule dada mkono akamwekea kidole palepale. Chini ya rangi ufa ulikuwa umeanza kurudi, mwembamba kama uzi.

Hawakununua. Garini nilimwambia kaka maneno mazito. Kamisheni ile nilikuwa nimeshaipangia ada ya mwanangu. Nilimkumbusha kwamba anayetulipa ni muuzaji, na muuzaji ndiye tunayemfanyia kazi. Alinyamaza mpaka nikadhani hatajibu kabisa.

“Muuzaji nilimwambia kwanza, tena mara mbili,” alisema. “Na yule mama atalala chini ya ukuta ule, mdogo wangu.”

Jioni hiyo mwenye nyumba alikuja kuchukua funguo zake. Nami kwa siku mbili sikuzungumza na kaka zaidi ya salamu. Siku mbili hizo zinaniuma sasa kuliko fedha yoyote niliyowahi kukosa.

Baada ya maziko nilikabidhiwa nyumba zilizokuwa mikononi mwake. Funguo zilikuwa droo ya chini, kila moja na kikaratasi chake, mwandiko wake ule wa kulalia kushoto. Wiki iliyopita nilikwenda kwenye mojawapo pamoja na fundi wa rangi. Juu ya mlango wa jikoni niliona ufa mfupi, na mwisho wake kistari cha penseli chenye tarehe. Alikichora majuma matatu kabla ya kulazwa. Bila shaka alikusudia kurudi.

Nilipanda kwenye stuli nikautazama kwa karibu. Ufa haukuwa umeuvuka mstari. Nikatoa penseli, nikaandika tarehe ya siku hiyo chini ya ile yake.

Fundi akauliza aanze na ukuta upi. Nikamwonyesha wa upande wa pili.