Barua kwa warithi: nilivyopata nyumba za kuuza mjini Unguja

Anayesema barua imekufa hajawahi kutafuta nyumba ya kuuza Mji Mkongwe. Mimi ni dalali, mwanamke, na nyumba nyingi nilizouza miaka ya karibuni nimezipata kwa barua. Barua ya karatasi ndani ya bahasha, jina limeandikwa kwa mkono wangu. Kwenye makundi ya WhatsApp ya madalali nyumba moja ya Mbweni inazungushwa na watu kumi, kila mmoja kaongeza cha juu chake, na mwenye nyumba hamjui hata mmoja wao. Huko nilishatoka.

Naandika kwa sababu vijana wanaoingia kwenye udalali sasa wanapewa ushauri ule ule niliopewa mimi, wa kumwaga matangazo mlango kwa mlango, na unaniuma, maana unagombanisha watu na ndugu zao.

Ushauri wenyewe asili yake Marekani. Kule kumbukumbu za kodi ya majumba ziko wazi kwa umma. Dalali anajua nani anamiliki nyumba ipi, na bili yake inapelekwa wapi hata kama mwenyewe anaishi jimbo jingine. Ananunua orodha ya majina, anachapisha kadi kwa maelfu, posta inazifikisha mpaka mlangoni. Wanaojibu ni wachache sana, lakini kwa wingi wa kadi zilizotumwa, wachache hao wanarudisha gharama na faida juu. Kwao inafanya kazi na wala sibishi. Tabu ni mtu kulibeba jambo hilo zima zima akaja nalo Darajani.

Ofisi niliyoanzia kazi ililibeba hivyo hivyo. Mkubwa wetu alitoka kwenye semina Dar na furaha zake, zikafuata karatasi za kung'aa, mabunda kwa mabunda, zimeletwa na boti. Nyekundu, herufi za njano: TUNANUNUA NYUMBA YAKO! PESA TASLIMU! PIGA SASA! Hazina jina la mtu, hazina salamu. Tukaambiwa tuzigawe kuanzia Mlandege, Mwembetanga, Kikwajuni mpaka Fuoni: chini ya mlango, kwenye nondo za dirisha, na penye mlango uliofungwa tubandike.

Simu zilianza kabla ya jua kuwa kali, na zote zilikuwa za hasira. "Nani kakwambieni nyumba yetu inauzwa?" Na walikuwa na haki. Karatasi imebandikwa mlangoni, jirani anatoka sala ya alfajiri, anaisoma. Ikifika adhuhuri mtaa mzima unajua kwamba nyumba ya marehemu fulani inauzwa na watoto wake wameelemewa na madeni. Ndugu aliyeko Chake, kule Pemba, anapigiwa simu na rafiki yake: "Hivi mnauza nyumba ya baba?" Naye anaamini kaka yake aliyemo nyumbani anafanya mambo kichinichini. Kikwajuni kuna familia walichukua kopo la rangi nyeusi wakaandika ukutani mwao kwa herufi za urefu wa mkono: NYUMBA HII HAIUZWI. Ukuta ulikuwa umepakwa chokaa upya kwa ajili ya harusi ya binti yao. Karatasi zilizobaki nilizikuta kwa muuza karanga, zimekunjwa pembe pembe, zile herufi za njano zimelowa mafuta.

Hatukupata hata kiwanja. Mkubwa akaamua kwamba zilikuwa chache, tuchapishe nyingine. Nikaaga.

Asichokijua aliyemfundisha mkubwa wetu ni kwamba nyumba ya mjini hapa mara nyingi haina mwenyewe mmoja. Babu kafariki, mirathi haijagawiwa. Mjane mwenye watoto ana thumuni yake, wana wa kiume hisa mbili mbili, wa kike moja moja, na baadhi ya hao nao wameshatangulia, hisa zao zimeshuka kwa wajukuu. Mmoja yuko Mombasa, mwengine Maskati, mwengine London, na mmoja yumo ndani anamuuguza mama. Ukimpigia simu huyu aliyemo ndani umemponza. Hata aeleze kwa ukweli gani, wenzake watasema ana lake jambo na dalali. Barua haimponzi. Anaipiga picha, anaitia kwenye kundi la familia, na wote wanasoma maneno yale yale, alioko Ruwi kule Maskati na alioko Mwanakwerekwe hapa Unguja. Hakuna wa kuuliza "alisema nini hasa yule mwanamke?" Nilichosema kipo pale, na saini yangu chini.

Siku hizi kuandika barua ni kazi ndogo. Kazi kubwa ni kujua usimwandikie nani. Naanza kwa sheha, kiongozi wa Serikali mtaani, na nakala ya barua mkononi aisome kwanza. Sheha wa mtaa wa zamani anajua nyumba ipi ni wakfu, ipi ya Serikali, ipi iko kwa Kadhi. Mji Mkongwe una nyumba nyingi za wakfu, na wakfu hauuzwi. Ziko chini ya Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, na aliyemo ni mpangaji. Zipo pia zilizoingia mikononi mwa Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964. Ukimwandikia mkaaji wa nyumba kama hiyo umemtia wasiwasi bure. Vibao vya anwani za makazi vilivyowekwa 2022 vimenisaidia sana, kwani zamani ningeandika "nyumba ya pili ukipita msikiti" na barua ikaingia kwa jirani.

Posta siitumii kwa barua za mjini. Posta yetu inaishia kwenye sanduku, na bibi wa Kiponda hana sanduku. Nazipeleka mwenyewe kwa miguu, baada ya alasiri, watu wameshapumzika. Za Maskati nampa msafiri. Haipiti wiki bila mtu anayekwenda.

Sasa bahasha, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Mwanzo nilitumia za kaki kwa sababu zilikuwa rahisi. Niliona kwa macho yangu mzee mmoja Malindi akiipokea, akaigeuza, akaiweka juu ya kabati bila kuifungua, uso umembadilika. Kaki kwetu ni mahakama au deni. Nikajaribu nyeupe ndefu, ile yenye kidirisha cha plastiki; hiyo ni ya benki, nayo inasubiri mpaka kijana atoke kazini. Basi siku moja nipo Darajani kwenye duka la vifaa vya ofisi, mama mmoja anachagua bahasha za mwaliko wa harusi ya mwanawe, zile nene za rangi ya maziwa, zina mkunjo wa pembe tatu nyuma. Nikasimama pale pale. Ni karatasi gani katika mji huu inafunguliwa mlangoni, kabla aliyeileta hajageuka? Mwaliko wa harusi! Usipoufungua ukakosa shughuli ya watu, utalaumiwa mpaka kiama. Nikanunua pakiti nzima kwa elfu kumi na kitu. Tangu siku ile barua zangu zinafunguliwa nikiwa bado nipo uchochoroni. Na sidanganyi mtu: nyuma ya bahasha naandika jina langu na neno "dalali", mtu anajua anachokifungua.

Barua yenyewe ni ukurasa mmoja. Hii ndiyo niliyompelekea bibi mmoja wa Kiponda, jina la marehemu nimelitoa:

"Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Kwa warithi wote wa marehemu, wa kike na wa kiume, walioko Unguja na walioko nje. Mimi ni dalali, mkaazi wa Mwembetanga. Sijaambiwa na mtu yeyote kwamba nyumba yenu inauzwa. Nimepita njiani nikaona boriti za ghorofa ya juu, upande unaopigwa na mvua, zimeanza kuachia ukuta, na mlango wenu bado una misumari yake ya shaba. Ninao wateja wanaotafuta nyumba ya namna hii kwa nia ya kuitengeneza. Ikiwa siku moja mtakaa pamoja mkakubaliana, nitashukuru kuitwa. Ujira wangu ni huu hapa chini, na sina cha juu. Ikiwa hamna nia, barua hii haitaki jibu, wala sitokuja kugonga mlango."

Ile sentensi ya boriti na misumari ndiyo roho ya barua. Kila nyumba naiandikia sentensi yake, ambayo haiwezi kupelekwa nyumba nyengine. Nasimama, naangalia, naandika kwenye daftari. Nyumba za mawe na chokaa zinasimama kwa boriti za mikoko, na boriti ikilowa masika baada ya masika inaoza kichwani, pale inapoingia ukutani. Tangu upande mmoja wa Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la Mji Mkongwe, ulipoanguka Disemba 2020, hakuna mwenye nyumba ya zamani asiyelitazama dari lake. Ukimwandikia umeiona boriti, anajua umesimama mbele ya nyumba yake.

Bibi yule alinipigia mwenyewe. "Wewe ndiye ulioandika wa kike na wa kiume?" Nikasema ndiye, shikamoo bibi. "Marahaba. Njoo mwanangu, njoo kesho." Nilimkuta barazani kwa ndani, barua ipo chini ya kijaluba chake cha tambuu, imekunjuliwa na kukunjwa mpaka mkunjo umeanza kuchanika. Akanambia: "Madalali wote waliokuja humu waliniuliza kaka zangu wako wapi. Mie nimekaa hapa miaka yote, natia ndoo chini ya dari linapovuja, wananiona paka." Maneno machache yale, wa kike na wa kiume, niliyaandika kwa sababu ndiyo sheria ya mirathi. Kumbe ndiyo yaliyonifungulia mlango.

Ile barua ilishafika Maskati kwa simu ya mjukuu. Kaka mkubwa akaja sikukuu ya Idi, wakakaa wote chumba kimoja, na nikaitwa siku ya pili. Hawakukubaliana haraka. Kwanza hisa zilikuwa hazijapigwa, wakaenda Kamisheni ya Wakfu kugawiwa mirathi. Kisha hati ya zamani ilikuwa na jina la babu tu. Kisha Bodi ya Uhaulishaji Ardhi, inayoidhinisha ardhi kuhama mkono. Vijana, ardhi hapa ni mali ya umma kwa sheria ya 1992, mtu ana haki ya kuitumia, na asiye Mzanzibari hapewi haki hiyo kwa kununua, anakodishwa. Ukimletea familia mteja mgeni bila kuwaeleza hilo mapema, umewapotezea mwaka. Mnunuzi wa nyumba ile ni Mzanzibari anayefanya kazi Dar, na kabla ya kugusa hata dirisha ilibidi apeleke michoro kwa Mamlaka ya Mji Mkongwe. Nilishikilia jambo moja tu: kila mrithi alipwe kwa akaunti yake. Bibi alipata hisa yake mkononi mwake, na hakuna aliyempokelea.

Kuna ushauri mwengine wa Marekani ambao siwezi kuunyamazia. Wanafundisha kutafuta majina ya waliofariki karibuni na kuwaandikia warithi kabla dalali mwengine hajawahi. Kijana mmoja aliniambia kwa fahari kwamba anafuatilia matangazo ya vifo. Nikamwambia mwanangu, mjane yumo edani miezi minne na siku kumi, na wewe unampelekea bei? Nyumba yenye eda siiandikii, na ninapopita naangalia hata isiandikiwe ya jirani yake siku zile, watu wasije wakadhani. Sheha akiniambia "hao wamefiwa", jina linatoka kwenye daftari na linarudi mwakani.

Lakini moja wanalosema ni kweli: barua moja haitoshi. Wengi hawajibu ya kwanza. Mimi ya pili naipeleka kuelekea Idi, na mle hamna habari ya nyumba hata kidogo, ni salamu za sikukuu na jina langu. Wakati huo ndugu wa Mombasa, Dar na Maskati wamo njiani kuja, na habari za nyumba zinaanza zenyewe juu ya sinia la pilau. Agosti pia si mbaya, skuli za Uingereza zimefungwa. Nimeshapigiwa simu na familia iliyoiweka barua ya kwanza ndani ya kabati muda mrefu, wakaniambia "tulikuwa hatujawa tayari".

Gharama ni ndogo. Karatasi, bahasha, wino, na viatu. Zote pamoja hazifiki nusu ya bunda moja la zile nyekundu. Muda ndio unaoliwa, kwa sababu kwa wiki nzuri naandika barua chache sana, na sikubali mtu aniandikie.

Sasa nimeanza Wete, Pemba. Kule nyumba nyingi nilizoziona zina kufuli, na ufunguo yuko nao jirani, kwa hivyo barua ya kwanza namwandikia jirani: namsalimu, namwambia mimi ni nani, namuomba awafikishie wenyewe ile ya pili iliyomo ndani. Mzee mmoja amenijibu kwa karatasi ya daftari la skuli, kaniandikia majina ya warithi wote na miji waliyopo. Watatu wako Tanga. Hao nitawaandikia mwanzo, na bahasha zao nitampa mtu wa boti.