Siku moja maishani mwangu: mpishi wa nyumbani, Lubumbashi, na samaki iliyosubiri mgeni

Niko mpishi nyumbani kwa watu hapa Lubumbashi, huu ni mwaka wa 19. Ukisema hivyo kwenye takisi-basi mtu anakuangalia tu, "aa, kumbe uko boyi", wanafikiri kazi ni kugeuza nyama kwenye mafuta na kuosha masahani. Basi nawaandikia Ijumaa yangu yote tangu alfajiri, muone wenyewe. Saa naziandika vile simu inaonyesha, huku kwetu saa 12 ni midi, katikati ya mchana, ndugu wa Tanzania na Kenya msipotee.

4:40. Naamka kwangu Katuba, naoga, chai ya rangi na mkate wa jana, 5:20 niko barabarani.

6:15. Nyumba ya kazi iko mtaa wa Golf. Mayai, uji wa watoto, mikate ya kubeba shuleni, kahawa ya patroni, baba mwenye nyumba. Hiyo mikono inafanya yenyewe.

7:20. Madamu akaingia jikoni na simu mkononi. "Papa, leo midi tuko na mugeni. Ni Mwamerika, anatoka Likasi, iko anafanya kazi na patroni. Banasema anapenda sana samaki ya kwabo, banaita steelhead. Utaweza? Saa 12 na nusu mezani."

Nikasema nitaweza, na moyo ulifurahi, juu, yaani kwa sababu, samaki hiyo naijua. Zamani nilipika miaka 4 kwa familia moja ya Wamarekani, mama wa ile nyumba alizaliwa Oregon karibu na mto Columbia, na ndiye alinieleza mambo yake siku moja tukiparua magamba pamoja. Steelhead si kabila ya peke yake. Ni truiti, ile ya upinde wa mvua, Kenya wanasema trauti, ni samaki ileile kabisa. Tofauti ni maisha. Moja inazaliwa mtoni na inabaki kwenye maji ya mto mpaka mwisho, nyingine inazaliwa mto huohuo halafu inashuka mpaka bahari ya Pasifiki, inakaa huko mwaka, miaka miwili, mitatu, inakula kamba wadogo na samaki wadogo, inanenepa, ngozi inang'aa kama chuma, kisha inapanda tena mto wa kwao kwenda kutaga. Saumoni wengi wa Pasifiki wakishataga wanakufa, lakini hii inaweza kurudi baharini na kupanda tena mara nyingine. Nilielewa haraka juu babu yangu alikuwa mvuvi Kasenga, alitusimulia mara nyingi habari za samaki mpumbu, vile walikuwa wanapanda mto Luapula makundi kwa makundi mvua zikianza, kabla nyavu hazijawamaliza. Kwa hiyo samaki inayopanda mto si kitu kigeni kwangu, hata kama hii inatoka mbali.

Ya kuvuliwa Oregon hapa hutapata. Tunayopata ni ya kufugwa, inakuja barafu, ile ya Norwe wanaifuga baharini ndani ya vizimba, na hata Marekani kwenyewe nyingi wanayouza madukani kwa jina la steelhead ni ya kufugwa.

8:30. Duka la samaki ya barafu. Hapa ndipo siku ilianza kuwa nzito.

Kijana wa duka akanitolea pakiti moja, "chukua saumoni yako papa". Nikamwambia sitaki saumoni, nataka truiti. "Ni moja tu papa, yote iko rangi moja." Na ni kweli rangi ni moja, ya machungwa, ukiziweka zimekatwa hata mpishi anaweza kudanganyika. Lakini kwa nyuma ya pakiti, herufi ndogo sana, kuna jina la Kilatini, na jina la Kilatini halibadiliki hata kama mbele wameandika nini. Saumoni ya kufugwa ya Norwe ni Salmo salar. Truiti ni Oncorhynchus mykiss. Nikageuza pakiti yake: Salmo salar. Nikaomba nyingine. Nyuma yangu watu wakaanza kunung'unika, mama mmoja na sanduku yake ya samaki thomson, wanaume wawili wa mgahawa, na yule kijana akainua sauti dukani mote: "Weye uko mpishi ao uko dokta?"

Niko mpishi. Ndiyo maana nasoma.

Pakiti ya pili ilikuwa mykiss, lakini nilipoiinamisha nikaona barafu ya rangi ya pinki imekusanyika pembe moja. Maana yake ni kwamba ile samaki iliyeyuka mahali fulani, njiani au hapohapo umeme ulipokatika, maji yake yakatoka, halafu ikagandishwa tena. Samaki ya namna hiyo ukiipika inakuwa kama pamba ya maji. Nikairudisha. Ya tatu ilikuwa na madoa meupe makavu pembeni, pale baridi imekausha nyama juu plastiki ilipasuka. Nikairudisha pia. Kijana akakunja mikono. Patroni akapiga simu kuuliza kwa nini niko bado huko. Nikamwambia patroni dakika tano, nikamwambia kijana, kwa upole kabisa, mwanangu fungua kongelateri ya chini, nitazitoa mwenyewe na nitazipanga tena mwenyewe. Na ndivyo nilifanya, nimepiga magoti, mikono imekufa ganzi, pakiti moja moja, mpaka nikapata fileti mbili kubwa zenye ngozi, plastiki imeshika nyama vizuri bila hewa, rangi sawasawa kutoka mwanzo mpaka mkiani, kingo hazijageuka kahawia. Rangi kali peke yake msiiamini, ile rangi inatoka kwenye chakula, baharini ni kamba, kwenye vizimba wanaichanganya ndani ya chakula chao, haisemi lolote juu ya upya. Angalieni kingo na barafu.

Yule kijana aliponipa risiti hakuniangalia. Mama wa thomson akaniuliza polepole, "papa, na hii yangu iko muzuri?" Nikamwangalizia. Macho yalikuwa bado meusi na yametokeza, hayajazama, nikamwambia iko muzuri.

9:50. Nyumbani. Samaki ya barafu inataka usiku mzima ndani ya frigo, inyeyuke polepole. Mimi niliambiwa asubuhi kwa chakula cha mchana, kwa hiyo ni maji baridi. Kwanza nakata ile plastiki isiyo na hewa, hilo siliachi hata nikiwa na haraka namna gani, juu kuna vijidudu vinavyopenda pasipo hewa na vinatoa sumu ambayo pua haiisikii. Nahamishia samaki kwenye mfuko mwingine safi, nafunga, nazamisha ndani ya beseni, nabadilisha maji kila nusu saa. Mwezi wa 10 hapa Lubumbashi maji ya bomba yanatoka vuguvugu, kwa hiyo nikamwaga na barafu zote za frigo.

10:35 umeme ukakatika. Nilikuwa nimepanga kutumia furu, ile oveni ya umeme. Grupu ya nyumba, ile jenereta, ilikuwa inasubiri kipande tangu Jumanne. Nikaenda nyuma kwa bustani, nikawasha mbabula mbili, majiko ya makala, yaani mkaa.

Saa ile mpaka midi nilifanya kazi ya watu watatu na sitaieleza yote. Lengalenga ile mchicha, wali, saladi, unga wa bukari, ugali wetu, umepimwa. Samaki ilipolainika nilipitisha kidole katikati ya nyama kutoka upande wa kichwa kwenda mkiani, mifupa midogo inasimama kwenye kidole kama sindano, nikaitoa mmoja mmoja na kibano, unavuta kwa mshazari kuelekea kichwani vile umelala, ukivuta wima unapasua nyama. Nikakata vipande 8, vya katikati vinene, vya mkia nikaweka pembeni juu ni vyembamba na vinawahi kuiva. Halafu kukausha. Nasema hivi kwa kila kijana anayenijia kujifunza: ngozi yenye maji haikauki kwenye pwale, ule kikaango, inashika na inachanika. Karatasi, chumvi, dakika 20, karatasi tena.

12:30 kila kitu tayari, meza imepangwa, makala mekundu. Mgeni hayupo.

13:00 simu. Wako barabara ya Likasi, lori mbili za madini zimezuia njia.

13:30 hakuna kitu. Nikarudisha samaki kwenye sanduku la baridi na barafu ya mwisho niliyotuma mlinzi kununua. Makala yakaanza kufa, nikaongeza. Ukiongeza makala mapya moto unakuwa mkali wa kijinga kwa nusu saa, hauwezi kupika samaki ya namna hii, kwa hiyo kila mara ninaongeza upande mmoja tu wa mbabula na upande mwingine nafunika majivu. Jua la saa 14, moshi, niko nimesimama tangu alfajiri, na chakula changu mwenyewe sijagusa.

Madamu akaja. Alikuwa na wasiwasi, namwelewa, ni meza yake. Akasema, "Papa, pika sasa, tutaipasha wakifika."

Nikasema hapana.

Miaka 19, sijui kama nimesema hapana mara kumi. Nikamweleza: Madamu, nyama ya ng'ombe unaweza kuipasha, sombe, majani ya muhogo, ukiipasha inakuwa tamu zaidi, lakini samaki hii ina saa yake. Kipande chake ni chembamba kuliko cha saumoni, dakika 8 inatosha, ya 10 tayari ni kosa. Ikipita, yale maji meupe mazito yanatoka juu ya nyama kama yai lililoiva, nyama inakauka, ngozi inalainika kama karatasi iliyolowa, na ukiipasha harufu inajaa nyumba nzima. Mgeni ametoka Likasi na njaa na hamu ya kwao, tusimpe kivuli cha samaki yake. Nipe dakika 15 baada ya kusikia honi, tu. Wape juisi na karanga.

Aliniangalia muda mrefu. Akasema sawa papa, akaenda. Na mimi nikabaki na ule uzito, juu sasa ikiharibika ni mimi.

Kama 14:50 honi.

Nilipeleka mkono juu ya makala, ukihesabu mpaka nne na mkono bado unavumilia, moto ni wa kati. Pwale ya chuma, mafuta kidogo, vipande vinne vinne, ngozi chini. Ukiviweka vinataka kujikunja, unabonyeza na mwiko sekunde 15 mpaka vitulie, halafu UNAVIACHA. Usivisukume. Unaangalia pembeni: rangi inabadilika kutoka chini kupanda, machungwa yanakuwa mepesi, kama mvuke kwenye kioo. Ikifika robo tatu unageuza, siagi, kitunguu saumu kimoja kilichopondwa, dakika moja, unatoa. Nina kipimajoto kidogo, yule mama wa Oregon aliniachia siku ya kuondoka, Wamarekani wanapendekeza digrii 63 katikati, na juu kulikuwa na watoto mezani ndiyo niliyofuata, nikitoa mapema kidogo juu moto wa ndani unaendelea kupanda kwenye sahani. Ndimu ya bustani, basi. Samaki yenye mafuta yake haitaki mchuzi wa kuifunika.

Ngozi ililia kama biskuti.

Baada ya hapo saa sikuziangalia tena. Nilisonga bukari, nikapeleka, nikarudi, nikapika vile vinne vingine, nikapeleka. Mgeni alikuja mwenyewe jikoni nyuma, kwa mbabula, na sahani mkononi. Kifaransa chake kidogo. Akaonyesha pwale, akaonyesha makala, akaniuliza kama hakuna jiko lingine, nikamwambia leo hakuna. Akasimama hapo akamaliza kipande chake, anamega bukari kwa vidole vibaya vibaya lakini anaendelea. Akasema baba yake alikuwa anavua steelhead mwezi wa kwanza, majira ya baridi, maji mpaka kiunoni, na siku nyingi anarudi bila kitu. Nikamweleza mpumbu wa babu yangu, kwa Kifaransa na kwa mikono. Tukabaki hapo. Sijui dakika ngapi.

Halafu masahani, na bomba likawa halina nguvu, nikachota kwenye pipa. Miguu ilikuwa inawaka. Kijana wa bustani akaniambia yaya, yaani kaka, kaa kidogo, nikakaa juu ya gunia la makala, nikala wali uliobaki.

Kabla sijaondoka Madamu akanifungia vile vipande vya mkia. Hakusema kitu juu ya ule mzozo, akasema tu, "Papa, siku ingine nitakuambia jana yake." Hilo neno nililibeba mpaka Katuba.

Usiku nilivipika kwa mbabula yetu, dakika tatu tu juu ni vyembamba, tukagawana watu sita na bukari na kapenta, wale dagaa, ya kuongezea. Mke wangu, naye baba yake ni wa Kasenga, alitafuna polepole, akalamba kidole, akafikiri.

"Iko tamu," akasema. "Lakini hakuna kichwa."