Windows Ikiganda Katikati, Usikimbilie Flashi Mpya

Mashine ikiganda wakati wa kupiga Windows, wengi hapa Tanga hutengeneza flashi upya, ikiganda tena wanatengeneza ya tatu. Flashi mbovu zipo, sikatai. Ila kompyuta ya mtumba iliyokaa Ngamiani ikivuta upepo wa bahari ina mambo mengine ya kutazamwa kwanza, tena hayali bando.

Anza kwa kubonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima, mashine haijafa, inasubiri kitu, mara nyingi diski au flashi. Ipe dakika 20 kabla ya kuizima kwa nguvu. Taa isipoitika kabisa, shuku ramu, joto au kadi ya picha.

Kwa pwani, mimi huanza na ramu. Unyevu wenye chumvi huacha utando kwenye miguu yake na ndani ya tundu, na mguso ukiwa hafifu, mashine huweza kuwaka vizuri kisha ikazidiwa pale Windows inapofungua mafaili makubwa. Zima, chomoa waya, toa betri kama inatoka, halafu shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 umeme uliobaki uishe. Sugua miguu ya rangi ya dhahabu taratibu kwa kifutio cheupe cha penseli, ondoa makombo kwa brashi kavu, kisha pangusa kwa spiriti ya kusafishia vifaa vya umeme na uiache ikauke. Tundu lisafishe kwa brashi hiyohiyo. Usipulize kwa mdomo: mate nayo ni unyevu, ndiyo uliokuwa unaufukuza. Rudisha ramu mpaka vibanio vijifunge. Zikiwa mbili, washa na moja moja, na ubadilishe matundu. Ikiganda na moja tu kati ya hizo, umempata mwizi. Ukitaka uhakika zaidi, endesha Memtest86+, programu ya kupima ramu, ikamilishe mzunguko mzima. Kosa hata moja halivumiliki.

Namba ya kosa 0x80070570 ikitokea kwenye usakinishaji, maana yake faili limeharibika au halisomeki. Haikuambii kosa ni la ramu, flashi au diski, kwa hiyo usinunue kifaa kwa sababu yake peke yake.

Diski ina kipimo kizuri ambacho watu hukiruka. Zima, ichomoe kabisa, kisha washa kwa flashi. Usakinishaji uliokuwa unaganda kwenye nembo ukifika haraka ukurasa wa kuchagua diski, ambao sasa utakuwa mtupu, basi tatizo liko kwenye diski au waya wake. Badili waya wa SATA, ule unaounganisha diski na ubao mkuu, kwanza, ni rahisi kuliko diski. Zima, irudishe diski, washa tena kwa flashi, bonyeza Shift+F10 ufungue dirisha la amri, andika diskpart, halafu list disk. Orodha ikichukua dakika nzima kutoka, diski inaumwa. Amri ya clean, inayofuta mpangilio wote wa diski, usiiguse kama kuna picha za harusi za mteja humo. Kwenye kompyuta nyingine, soma ripoti ya SMART, yaani diski inavyojipima afya: mstari wa C5 ni idadi ya sehemu zisizosomeka vizuri zinazosubiri kuhamishwa. Ikizidi sifuri, okoa data kwanza, mengine baadaye.

Sasa ndiyo zamu ya flashi. Hakiki faili la ISO, lile ulilotumia kutengeneza flashi, kwa amri ya certutil -hashfile jina.iso SHA256 na ulinganishe na namba iliyotolewa na wenye programu. Jaribu tundu jeusi (kwa kawaida USB 2) badala ya la bluu (USB 3). Kwa wanaong'ang'ania Windows 7: haina draiva za USB 3, hivyo kipanya na kibodi vinaweza kunyamaza ukadhani mashine imeganda, kumbe haioni tu.

Ukisakinisha Linux badala ya Windows, ikaleta kioo cheusi kwenye mashine yenye kadi ya picha ya Nvidia, bonyeza e kwenye menyu ya GRUB, ile inayotokea mwanzo wa kuwasha, ongeza nomodeset mwishoni mwa mstari unaoanza na linux, kisha F10. Ukishamaliza kusakinisha, weka draiva ya Nvidia, kisha washa tena bila neno hilo, la sivyo picha itabaki nzito.