Citroën H ya yaya inageuka hoti rodi

Jumamosi yote nilishinda mu garaji ya yaya yangu, ndugu yangu mkubwa, komini ya Kenya hapa Lubumbashi, juu ile Citroën H ya kizamani imeanza kuwa hoti rodi kweli, gari ya zamani yenye kugeuzwa ikuwe na nguvu. Wafaransa walitengeneza hii kamioneti tangu 1947 mpaka 1981, na ile bati yake ya mikunjo-mikunjo si urembo, mikunjo njo inafanya bati nyembamba ikuwe na nguvu. Sasa kuisudira ni kazi! Yaya anagusa kidogo, anaruka mbali, anarudia, juu ukivuta mustari mrefu mara moja moto unapinda bati yote.

Hoti rodi zenyewe zilianzia California, vijana walichukua Ford za zamani, wakatoa kila kitu kizito, wakatia motere ya nguvu, mara nyingi V8, ile ya silinda nane. Basi marafiki wanamsukuma yaya naye atie V8, nguvu iende magurudumu ya nyuma. Mi nakataa kabisa. Hii gari inavutwa na magurudumu ya mbele, haina shafti, ile chuma ndefu ya kupeleka nguvu nyuma, inapita chini, ndiyo maana sakafu iko chini vile na mtu mzima anasimama wima ndani. Ukitia shafti lazima uinue sakafu, na uzuri wote umekwisha.

Tumepatana: motere ibaki mbele, paa hatukati, rangi iwe nyekundu kama udongo wetu. Kuishusha sana pia hapana, na haya mashimo ya wakati wa mvua! Wiki ijayo tunafungua gia boksi, gia zake ni tatu tu.