Herufi Moja kwenye Bango

Mwaka 2009 nilifungua duka la steshenari Morogoro, si mbali na stesheni ya treni. Nilianza na mashine ya fotokopi ya mtumba, rimu kumi za karatasi, madaftari, kalamu na bahasha. Bango nilichoresha kwa fundi wa mtaani, maandishi mekundu juu ya nyeupe. Neno nilimwandikia mwenyewe kwenye kikaratasi: STATIONARY.

Siku ya tatu akaingia mwalimu mstaafu wa mtaani kwetu, anatoa kopi ya kitambulisho.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hongera kwa duka. Ila bango lako linasema limesimama."

Wateja walikuwa wachache siku hizo, nikadhani ananipa pole. Akaomba bahasha, akailipia kwanza, kisha akaandika juu yake maneno mawili kwa herufi kubwa: STATIONARY, na chini yake STATIONERY. Akazungushia duara A ya pili ya neno la juu, na E ya neno la chini. Lenye A ni kitu kilichotulia mahali pamoja, kama gari lililoegeshwa. Lenye E ndilo la karatasi na kalamu.

"Bahasha kwa Kiingereza inaanza na herufi gani? Basi hiyo hiyo ndiyo ya dukani kwako."

Kumbe maneno yenyewe ni ndugu. Alinieleza kuwa zamani huko Ulaya wauza vitabu wengine walitembeza bidhaa. Mwenye kibanda cha kudumu, hasa jirani na chuo kikuu, ndiye aliyeitwa "stationer". Wa London walipewa hati ya kifalme ya chama chao mwaka 1557. Hata stesheni yetu ya treni imetoka kwenye mzizi huo huo.

Mwalimu hakunicheka, na mpaka leo naona si haki kumcheka mtu kwa kosa hili. Kiswahili tunakiandika tunavyokisikia. Maneno yale mawili yanatamkwa sawasawa, sikio halikusaidii kitu.

Jioni nikamwita fundi. Akaikwangua ile A kwa wembe, akapiga msasa, akapaka nyeupe, tukangoja ikauke. Kabla hajachora E nikamwonesha bahasha. Aliitazama muda mrefu, brashi mkononi.

"Dada, kuna jingine nimelichora wiki iliyopita, kule sokoni."

Alipomaliza aliniomba ile bahasha, akaikunja akaitia mfukoni, akabeba kopo lake la rangi.